Mdai Mwenye Deni

Watu wengi hukiri kwamba kisasi ni kibaya, na watu hao hao huketi katika nyumba ya sinema wakashangilia mwenye kisasi anaposhinda. Jambo hili si la kuchekwa, wala si la kulaumiwa upesi. Moyo wa mtazamaji mpole, asiyethubutu kuchinja hata kuku, ukiruka kwa furaha dhalimu aangukapo, hapana budi umeona haki mahali fulani, au umedanganywa ukadhani umeiona. Kupambanua lipi kati ya mawili haya ni kweli ni kazi ya fikira. Kwa kazi hiyo sinema ya kisasi yaweza kuwa na faida kama kitabu, maana huweka mbele ya macho jambo ambalo hoja tupu hulificha: sura za watu wanaolipizwa, na sura za watu walio karibu nao.

Sinema inayofaa kupimwa kwa njia hii ni Kill Bill, kazi ya Mmarekani Quentin Tarantino, iliyotolewa kwa sehemu mbili, ya kwanza mwaka 2003 na ya pili mwaka 2004. Mwanamke aliye kiini cha hadithi, aliyeigizwa na Uma Thurman, huitwa Bibi Arusi kwa muda mrefu, na jina lake, Beatrix Kiddo, halifunuliwi mpaka sehemu ya pili. Alikuwa muuaji wa ujira katika kikosi kidogo kilichoongozwa na mwanamume aitwaye Bill, aliyekuwa mkuu wake na mpenzi wake pia. Alipojua kwamba ana mimba ya Bill aliikimbia kazi ile pasipo kuaga, akajificha chini ya jina jingine karibu na El Paso katika Texas, akaposwa na kijana mwenye duka la santuri. Siku ya mazoezi ya harusi, katika kanisa dogo, Bill na wauaji wake wanne walifika, wakaua watu waliokuwamo, na Bill mwenyewe akampiga bibi arusi risasi ya kichwa. Hakufa. Alilala pasipo fahamu kwa miaka 4. Alipozinduka aliliona tumbo lake tupu, akaamini kwamba mtoto amekufa. Akaandika majina matano katika karatasi, akashika njia.

Waswahili husema kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Mithali hiyo hutumiwa kwa mkopaji wa fedha, anayecheka siku ya kupokea na kulia siku ya kurudisha. Lakini ni vigumu kupata picha iliyo karibu na maneno yake kuliko hii, ambamo harusi yenyewe iligeuka matanga kabla haijafungwa. Neno la deni litafuatwa hapa mpaka mwisho, kwa kuwa mwenye kisasi hujiona kuwa mdai. Husema kwamba alinyang'anywa, na kwamba anakwenda kutwaa kilicho chake. Swali ni kama hesabu yake ni sahihi, na kama malipo yake hulimaliza deni.

Jambo la kwanza la kuamua ni kama mwanamke huyu alisalitiwa. Watazamaji wengi husema ndiyo, kwa sababu waliomshambulia walikuwa wenziwe. Walakini Bill naye ana shitaka lake. Yeye aliachwa adhani kwamba mpenzi wake amekufa. Akamlilia, akawatafuta watu aliodhani wamemwua, na mwisho akamkuta yu hai, ana mimba, yu tayari kuolewa na mtu mwingine. Kwa hesabu ya Bill msaliti wa kwanza ni Beatrix. Sinema haimnyimi nafasi ya kusema hivyo, na Beatrix mwenyewe hasemi kwamba hakumwumiza. Husema tu kwamba alikuwa na mtoto wa kumwokoa.

Hapa yafaa kutenganisha moyo na haki. Mtu aweza kuumiza moyo wa mwenziwe bila kuvunja haki yake. Ahadi ya watu waliokusanyika kwa ajili ya kuua haimfungi mtu. Aliyeapa kutenda maovu hutimiza wajibu wake kwa kuacha, wala si kwa kuendelea. Kwa hiyo Beatrix alipokimbia hakumdhulumu yeyote. Lakini shoka hili lina makali pande zote mbili. Kama kikosi kile hakikuwa na haki ya kumdai uaminifu, yeye naye hana haki ya kukidai uaminifu. Hawezi kusema, mlinivunjia ahadi, kwa kuwa ahadi yenyewe haikuwa ahadi. Angesimama juu ya shitaka hilo peke yake, mithali ingemjibu kwa ukali kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Shitaka lake la kweli ni jingine, nalo ni zito zaidi. Alitendewa jambo ambalo mtu hapasi kumtendea mtu: kupigwa risasi akiwa mja mzito, asiye na silaha, katikati ya watu wasio na kosa. Anadai kwa sababu ya utu wake, na madai ya utu hayahitaji ahadi ya mtu. Hayo ni madai mema. Taabu ni kwamba mlango anaouingia ni mpana. Kila mtu aliyeuawa na Beatrix zamani kwa ujira alikuwa na utu huo huo, na kila mmoja aliacha nyuma yake mtu wa kudai. Hapo ndipo uonekanapo ukweli wa msemo wa kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu. Siku alipojifunza kwamba mtu hauawi hivi hivi, alijifunza pia, kama angetaka kusikia, kwamba yeye mwenyewe ni mdaiwa wa watu wengi.

Je, mdai mwenye deni hupoteza dai lake? Mahakama za insafu za Uingereza, ambazo kanuni zake zilirithiwa na mahakama za Afrika ya Mashariki, zilikuwa na desturi ya kumtaka mwenye kuomba msaada wao aje na mikono safi. Desturi hiyo ina busara, lakini haiwezi kusukumwa mpaka mwisho. Mwizi aliyeibiwa ameibiwa kweli. Kama mikono michafu ingefuta kila dai, basi wauaji wangekuwa halali kuuawa na yeyote kwa sababu yoyote, na dunia isingepata usalama kwa jambo hilo. Yaelekea kuwa sahihi zaidi kusema hivi: mikono michafu haimwondolei mtu haki ya kusikilizwa, bali humwondolea haki ya kuwa hakimu. Ana dai, asikate hukumu yake mwenyewe.

Mtetezi wa Beatrix atasema kwamba hakuna hakimu mwingine aliyekuwapo. Utetezi huu una nguvu. Katika sinema ile dola ni kivuli. Mkuu wa polisi afika kanisani, atazama maiti, asema maneno, na habari yake yaishia hapo. Hospitalini, mahali palipopasa kumlinda mgonjwa asiyejiweza, mtumishi mmoja aliuuza mwili wake kwa wanaume wakati amelala pasipo fahamu. Mtu aliyetendewa hivyo ana sababu ya kutoiamini nyumba yoyote iliyoandikwa juu ya mlango wake jina la serikali. Na hata angeiamini, angeingiaje mahakamani kueleza wauaji wake ni nani bila kueleza aliwajuaje?

Lakini sehemu ya mwisho ya utetezi huo huupunguza utetezi wenyewe. Mlango mmoja aliufunga kwa mkono wake, kwa maisha aliyoyaishi. Tena, waliouawa kanisani hawakuwa mali yake. Yule kijana aliyekuwa amwoe, mhubiri na mkewe, wasichana wa kumsindikiza arusi, mpiga kinanda: hao nao walikuwa na wazazi na ndugu. Warithi wao wangeweza kusema kwamba wana dai kubwa kuliko la Beatrix, maana watu wao hawakupata kumwua mtu. Sinema haiwaonyeshi hata mara moja. Beatrix amechukua madai yote akayafanya yake, na mtazamaji hakustuka. Kukosekana kwa mahakama kwaeleza kwa nini mtu ameshika upanga. Hakumfanyi kuwa mahakama.

Ni vema sasa kulitazama neno lenyewe. Kisasi ni neno lililopokewa kutoka Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu jambo lililoitwa hivyo si ghadhabu isiyo na mpaka. Ni malipo ya kulingana, nafsi moja kwa nafsi moja, yanayodaiwa na warithi mbele ya hakimu, na warithi hao huhimizwa kusamehe, au waweza kupokea dia. Kabla ya hapo Hammurabi, mfalme wa Babeli zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, aliandika katika jiwe hukumu ya jicho kwa jicho. Watu wa leo huiona kuwa ya kikatili. Lakini jicho kwa jicho maana yake pia ni jicho moja tu. Si macho mawili, wala si nyumba nzima ya mkosaji. Sheria za kale hazikuanzisha kisasi, kwani kilikuwapo, zilikitia kamba. Mtu akiziangalia kwa jumla ataona kwamba kamba hiyo ilisokotwa kwa nyuzi tatu: kipimo, msimamizi na mwisho. Kisasi chenye hayo matatu kilianza kufanana na hukumu. Kisicho nayo kilibaki vita. Safari ya Beatrix yaweza kupimwa kwa nyuzi hizo hizo.

Kipimo chaonekana wazi katika nyumba moja ya Pasadena, California. Vernita Green, wa pili katika orodha, ameacha kazi ya kuua. Amebadili jina, ameolewa na daktari, ana binti wa miaka 4 aitwaye Nikki. Wanawake wawili wanapigana sebuleni kwa visu, na basi la shule laonekana dirishani likimteremsha mtoto. Wote wawili wanaficha visu nyuma ya migongo. Mtoto anapelekwa chumbani, na wageni wale wa kifo wanakwenda jikoni kunywa kahawa. Vernita aomba msamaha kwa ajili ya binti yake. Beatrix amjibu kwa hesabu: ili walingane sawasawa ingempasa amwue Vernita, apande chumbani amwue Nikki, kisha amngoje daktari arudi amwue naye. Kwa kuwa hatafanya hivyo, ajiona ametoa rehema.

Maneno hayo yana uaminifu wa kutisha. Yaonyesha kwamba mwenye kisasi akikifuata kipimo chake mpaka mwisho atamfikia mtoto kitandani, na kwamba dhamiri yake ikimzuia hapo, inamzuia kwa sababu isiyo ya kisasi. Yaonyesha tena jambo ambalo Beatrix hakulijua. Katika hesabu yake amemwandika binti aliyekufa. Binti huyo yu hai, Bill anamlea. Mtazamaji hupewa habari hiyo mwishoni mwa sehemu ya kwanza, na Beatrix huijua kwa macho yake siku anapofika nyumbani kwa Bill. Basi Vernita aliuawa kwa hesabu yenye kosa. Hatia yake ilikuwa kubwa hata bila kifo cha mtoto, lakini mtu hawezi kujua kama Beatrix angemwacha hai laiti angejua. Mahakama nazo hukosea. Lakini mahakama huuliza mashahidi kabla, huweka nafasi ya kukata rufani baadaye, na hakimu wake hakulala miaka 4 akiota juu ya mtuhumiwa. Mwenye kisasi huisoma hesabu yake peke yake, na akikosea hapana wa kumsahihisha isipokuwa maiti.

Uzi wa pili ni msimamizi. Katika Ujapani, nchi ambayo sinema hii imeikopa panga zake na sehemu kubwa ya mwendo wake, kisasi kiliruhusiwa na sheria katika zama za Edo. Lakini aliyetaka kulipiza alipaswa kujiandikisha kwa wakuu, na ruhusa ilihusu hasa kifo cha mzazi, cha bwana, au cha ndugu mkubwa. Hata heshima haikuweza kusimama badala ya ruhusa. Mwaka 1703 watumishi wa marehemu bwana Asano, wanaokumbukwa mpaka leo kwa idadi yao ya 47, walimwua Kira, mtu waliyemshika kwa kosa la kifo cha bwana wao. Taifa liliwasifu, na serikali ikawaamuru waliojisalimisha wajiue. Ilikiri uaminifu wao, na papo hapo ikakataa kuacha kila mwenye moyo mwaminifu awe hakimu.

Beatrix hana wa kumzuia ila nafsi yake. Mara moja nafsi hiyo yamzuia vizuri: katika mapigano ya Tokyo, baada ya kuwaua watu wengi wa adui yake, abakiwa na kijana mmoja mwenye hofu, amchapa matakoni kwa ubapa wa upanga kama mtoto mtukutu, amfukuza arudi kwa mamaye. Watazamaji hucheka. Lakini kicheko hicho chapasa kuwakumbusha kwamba wale waliolala sakafuni nao walikuwa na mama, na kwamba tofauti yao na kijana yule ilikuwa ni saa tu. Baadaye Bill ampa Beatrix dawa ya kumfanya mtu aseme kweli, amwuliza kama kuwaua watu wote wale njiani kulimpendeza. Ajibu kwamba ndiyo, kila mmoja wao. Hakimu anayefurahia hukumu ya kifo hastahili kiti chake. Sinema haikuyaficha haya. Iliyaweka katika kinywa cha mshitaki mwenyewe.

Uzi wa tatu, nao ndio mzito kuliko yote, ni mwisho. Mapigano ya jikoni yaisha haraka. Vernita apiga bastola aliyoificha ndani ya boksi la chakula cha asubuhi cha mtoto, akosa shabaha, na kisu chamwingia kifuani. Beatrix ageuka, na Nikki amesimama mlangoni. Yule mwanamke aliyeyapanga mambo yake kwa uangalifu hakulipanga hili. Amwambia mtoto kwamba hakukusudia ayaone, kwamba mamaye alistahili, na kwamba akikua na moyo wake ukiwa bado una uchungu, yeye atamngoja.

Wako wanaoyachukua maneno haya kuwa ya ushujaa. Yafaa kuyasikia pia kama hati ya deni. Papo hapo alipojilipa, Beatrix ametia sahihi kwamba anadaiwa. Hakukana, kwa kanuni aliyoifuata mwenyewe hawezi kukana. Ikiwa binti asiyeonekana alimpa Beatrix haki ya kuua, mama aliyelala jikoni anampa Nikki haki hiyo hiyo. Mdai amegeuka mdaiwa kwa tendo moja la kisu, na mdai mpya ana umri wa miaka 4.

Sheria ya Ujapani ililiona shimo hili. Katika zama zile za Edo, kisasi juu ya kisasi kilikatazwa: mwana wa mtu aliyeuawa kwa kisasi halali hakuruhusiwa kumwandama mwenye kisasi. Lilikuwa katazo gumu kwa yatima, lakini bila hilo hesabu isingefungwa daima. Mwaka 1873 serikali ya Meiji ilikipiga marufuku kisasi chote. Inapendeza kwamba filamu ya Kijapani iliyompa Tarantino mfano wake mkubwa, Lady Snowblood ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Toshiya Fujita na kuigizwa na Meiko Kaji, imewekwa katika zama hizo za Meiji. Mwanamke wake, Yuki, alizaliwa gerezani na mama aliyemchukulia mimba kusudi amlipizie. Awaandama wakosaji mmoja mmoja. Mmoja wao ni mlevi aliyedhoofika, atunzwaye na binti yake. Yuki amwua. Mwishoni, kisasi kikiwa kimetimia na Yuki akiwa amejeruhiwa, binti yule atokea katika theluji na kumchoma kisu. Sinema ya Marekani iliuacha mlango wa jikoni wazi. Ya Kijapani, iliyotangulia kwa miaka 30, ilikuwa imekwisha kuonyesha nani ataingia.

Wala si lazima kwenda mpaka filamu nyingine. Jibu limo katika Kill Bill yenyewe. Wa kwanza katika orodha ya Beatrix ni O-Ren Ishii, na maisha yake ya utoto yamesimuliwa kwa picha za katuni. Alipokuwa msichana mdogo alijificha chini ya kitanda akashuhudia wazazi wake wakiuawa na mkuu wa genge la wahalifu. Alipofika miaka 11 alimwua mkuu yule. Haki ikawa imetendeka, kama kisasi ni haki. Lakini mkono uliojifunza kazi ile haukuisahau. Msichana yule akawa muuaji wa ujira, akawa mmoja wa walioingia kanisani El Paso, akawa malkia wa wahalifu wa Tokyo. O-Ren ni Nikki aliyetangulia. Anayetaka kujua mtoto aliyesimama mlangoni aweza kuwa nani, amtazame mwanamke aliyeanguka katika bustani yenye theluji. Beatrix amwua yatima wa jana, tena afanya yatima wa kesho, na kati ya matendo hayo mawili haoni uhusiano.

Kutokana na haya lapatikana neno moja ambalo sinema hii yafundisha, iwe mtengenezaji wake alilikusudia au hakulikusudia: kisasi hakilipi deni, hulihamisha. Hulitoa katika mikono ya mkosaji na kulitia katika mikono ya mtu ambaye hakukopa. Adhabu ya haki, hata ikiwa kali, hujaribu kumfanya mkosaji abebe mzigo wake mwenyewe, na huacha nafasi ya mtu wa tatu kutunzwa. Kisasi hakina mtu wa tatu katika vitabu vyake. Kina wawili tu, na wa tatu huonekana kazi ikiisha, amesimama mlangoni.

Yupo katika hadithi hii mdaiwa mwingine ambaye yafaa kumlinganisha na Beatrix. Hattori Hanzo, mhunzi wa panga, aliigizwa na Sonny Chiba. Aliapa kutofua tena chombo cha kuulia, akafungua duka dogo la chakula Okinawa. Beatrix afika kumwomba upanga. Akataa, mpaka aelewapo kwamba atakayeuawa ni Bill, aliyekuwa mwanafunzi wake. Ndipo aivunja ahadi yake, afua upanga kwa mwezi mmoja. Mzee huyu anajua jambo ambalo vijana wake hawalijui: kwamba mwalimu hana budi kubeba sehemu ya matendo ya mwanafunzi. Huo ni utu. Lakini alipotafuta namna ya kulipa, hakuona sarafu nyingine ila ile ile iliyomtia katika deni.

Itaulizwa basi Beatrix angefanya nini. Jibu la kumwambia asamehe tu ni jepesi mno kutoka kwa mtu ambaye hakuzikwa akiwa hai, kama yeye alivyozikwa na Budd katika sehemu ya pili. Ni vema kupambanua. Kujiokoa kaburini si kisasi. Kumpiga Elle Driver, aliyewahi kuja kumwua, si kisasi kitupu. Kumtoa mtoto katika nyumba ya Bill, mtu aliyekwisha kuonyesha awezavyo, kwaweza kutetewa kama ulinzi wa mama. Tena katika watano wa orodha watatu tu ndio waliokufa kwa mkono wake. Budd aliuawa na Elle kwa nyoka, na Elle aliachwa hai, kipofu. Kinachobaki bila utetezi wa ulinzi ni kifo cha Vernita, aliyekuwa nyumbani kwake, akiishi kama jirani yeyote. Hapo Beatrix angeweza kusimama. Kusimama kungekuwa si kusema kwamba kosa halikuwapo, wala si kumpenda mkosaji. Kungekuwa kukiri kwamba dai la haki laweza kuachwa bila kulipwa kwa ajili ya mtu ambaye malipo yangemwangukia. Wadai wema wa fedha hufanya hivyo kila siku: huona nyumba ya mdaiwa, huona watoto, hungoja au husamehe, na hakuna asemaye kwamba wamepungukiwa na haki.

Mwisho wa sinema wamwonyesha Beatrix amelala sakafuni katika chumba cha kuogea, analia na kucheka kwa pamoja, wakati binti yake B.B. anatazama katuni katika chumba cha pili. Machozi yale ni ya kweli. Amempata mtoto ambaye hakutumaini kumwona, na mtazamaji asiyefurahi pamoja naye ana moyo mgumu. Furaha ya watazamaji haikuwa uongo mtupu: waliona dai la kweli, na waliona mama na mtoto wamekutana. Walichosahau ni kwamba B.B. ana miaka 4, na Nikki ana miaka 4. Mmoja anatazama katuni karibu na mama yake. Mwingine alirudi kutoka shule siku hiyo na kukuta kioo kimevunjika sebuleni. Sinema iliwaonyesha wote wawili, ikaendelea na mmoja. Atakayeitazama tena na aendelee kidogo na yule wa pili, amwulize nani atamlipa, na kwa nini yeye.